Baga, Kababu na Neno "Ham": Alhamisi Zetu za Kutoa Alama



Msimu huu wa harusi umetuletea ombi tusilolizoea. Miaka yote bibi harusi akija kupimwa nguo, mazungumzo ya chakula huwa ni biriani au pilau, na pembeni sambusa, katlesi na kababu. Safari hii wasichana watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wametwambia kwamba siku ya hina wanataka baga ndogo ndogo, zile za kukaa kiganjani, badala ya kababu. Wawili wamekatazwa nyumbani. Mmoja, bibi yake amemaliza maneno kabisa: chakula chenye jina la nguruwe hakipiti kwenye shughuli ya mjukuu wake.

Sisi tuko wanne katika chumba kimoja cha kazi. Wawili tunashona, mmoja anadarizi na kutia shanga, na wa nne ni mpishi wa shughuli aliyekodi kona ya nyuma. Tuna mchezo wetu: Alhamisi moja ya kila mwezi tunafunga mashine mapema, tunakwenda mkahawa wa mtaani, tunaagiza baga na kuzitolea alama katika daftari lilelile la vipimo vya wateja. Kwa hiyo maneno ya yule bibi yalitugusa. Kama ni kweli, basi sisi tumekula nini miezi yote hii? Tukaona tusijibu kwa mdomo mtupu. Tukasoma, tukauliza, na tuliyoyakuta tunawaandikieni hapa.

Tuanze na jina. Kwa Kiingereza "ham" ni paja la nguruwe lililotiwa chumvi, hapo bibi amesema kweli. Lakini neno "hamburger" halikukatwa hapo. Ni "Hamburg" na "er". Hamburg ni mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, na kwa Kijerumani ukitaka kusema mtu au kitu cha mji fulani unaongeza "er" mwishoni, kama sisi tunavyosema ya Kiunguja au ya Kipemba. "Hamburger" ni "ya Kihamburg", basi. Na "Burg" peke yake maana yake ni ngome, kwa sababu mji ule ulianza karne ya 9 kama ngome iliyoitwa Hammaburg. Waliolikata neno nje ya mshono ni wale waliokuja kusema "cheeseburger" na "fishburger", wakaifanya "ham" ionekane kipande kinachojitegemea. Ukifuata asili yake, anayeagiza baga anaagiza ngome, na sisi tukiila pale Forodhani Ngome Kongwe iko ng'ambo ya barabara. Tulicheka sana siku tuliyoligundua hilo.

Waingereza wenyewe walizoea kusema "beefburger". Mkahawa wa kwanza wa Wimpy, uliowazoesha baga, ulifunguliwa London mwaka 1954. Menyu nyingi za kwetu zimeandikwa hivyo hivyo, nyama ya ng'ombe ikitajwa kabisa, na kwa mteja Muislamu jina hilo linapunguza maswali.

Sasa, Hamburg si mji mgeni kwa Unguja. Wafanyabiashara wake walikuwa hapa kabla Ujerumani yenyewe haijawa nchi moja. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa na nyumba yake ya biashara mjini kwetu tangu mwishoni mwa miaka ya 1840, ikinunua kauri za pwani hii na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako watu walizitumia kama fedha. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ikatiliana saini mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar.

Na kuna Sayyida Salme. Binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa kasri ya Mtoni mwaka 1844, akapendana na mfanyabiashara wa Hamburg aliyeitwa Heinrich Ruete. Mwaka 1866 akaondoka Unguja kwa meli ya Kiingereza. Mwaka 1867, Aden, akabatizwa jina la Emily, wakaoana siku hiyo hiyo, kisha wakenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akabaki ugenini na watoto watatu wadogo, na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake. Kila mwanamke wa Unguja ana lake la kusema juu ya kisa hiki. La moyoni mwake tunamwachia Mola. Sisi wapenda kula kilichotushughulisha ni jambo dogo: kwamba binti wa Mtoni aliishi Hamburg miaka ile ile ambayo bandari yake ilikuwa ikijaza meli za watu wanaohamia New York, na pamoja nao likahama jina la nyama hii. Kasri ya Wananchi pale Forodhani iliwekewa chumba cha kumbukumbu yake. Anayekula baga bustanini anaweza kuliona jengo hilo bila kuinuka.

Chakula chenyewe kilikuwa nini? Kilikuwa nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa sana, ikatiwa chumvi na kitunguu, ikabanwa bapa na kukaangwa, ikaliwa kwa sahani na uma. Kufikia miaka ya 1880 Wamarekani walikuwa wakiiita nyama ya Kihamburg. Mkate haukuwamo bado.

Hapo mpishi wetu akaweka kalamu chini akasema, "Hii ni kababu isiyotiwa bizari." Na kweli. Nyama ya kusaga haikuanzia Ulaya. Mwaka 1226, Baghdad, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi, na humo mnatajwa mara nyingi mabonge ya nyama nyekundu iliyopondwa laini na viungo. Neno kofta limetoka kwenye neno la Kifursi lenye maana ya kuponda. Kababu zetu za kima, kitunguu thomu, tangawizi na kotmiri ni za ukoo huo, zimepita Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi kabla ya kutua kwenye makarai yetu. Kwa hiyo anayesema baga imekuja kuiondoa kababu harusini anamgombanisha mtu na binamu yake.

Nani aliyeiweka nyama ile ndani ya mkate? Hapo Wamarekani hawajapatana. Mji wa Seymour, Wisconsin, unadai ni mtu wao, mwaka 1885, kwenye maonyesho ya wakulima. Hamburg ya New York, maana na huko kuna Hamburg, inadai mwaka huo huo. Mkahawa wa Louis' Lunch wa New Haven unasema ni wao, mwaka 1900. Hatuuingii ugomvi huo. Sababu yake inaeleweka bila kumjua mtu: penye maonyesho watu wanatembea, na anayetembea hana pa kuweka sahani. Forodhani inajua hayo vizuri.

Tulipofika mwaka 1906 ndipo tulipoacha kucheka. Mwaka huo mwandishi Upton Sinclair alitoa kitabu kiitwacho The Jungle, riwaya juu ya wafanyakazi wa viwanda vya nyama vya Chicago. Alitaka watu wawahurumie wafanyakazi. Watu wakashikwa na kichefuchefu kwa ajili ya matumbo yao wenyewe, kwani alieleza nyama iliyooza na uchafu vinavyosagwa pamoja na kutiwa viungo ili harufu ipotee. Tarehe 30 Juni ya mwaka ule ule Rais Theodore Roosevelt akatia saini sheria mbili, moja ya ukaguzi wa nyama na moja ya usafi wa vyakula na dawa. Lakini sheria ni karatasi. Mwanamke wa Kimarekani aliendelea kuiogopa nyama ya kusaga, na alikuwa na haki.

Sisi mafundi tunalielewa hili kwa kazi yetu. Nguo ukiletewa unaigeuza ndani nje, unaona mshono, unaona kama bitana limepigwa pasi au limegandishwa gundi. Kipande cha nyama nacho unakiona rangi, unakinusa, unaona mafuta na mfupa. Kima hakigeuzwi ndani nje. Ikishapita kwenye mashine, nzuri na mbaya, ya leo na ya juzi, ya ng'ombe na ya mnyama mwingine, zote ni rangi moja. Anayekula kima anakula uaminifu wa aliyesaga.

Walioitoa baga kwenye aibu hiyo walikuwa watu wawili wa Wichita, mji wa jimbo la Kansas. Walter Anderson alikuwa mpishi aliyeanza na kibanda mwaka 1916, akikaanga nyama bapa na vitunguu mbele ya wateja. Billy Ingram alikuwa mtu wa biashara. Mwaka 1921 wakafungua White Castle kwa mkopo wa dola 700, baga moja senti 5. Jina lilichaguliwa kwa makusudi: nyeupe kwa usafi, ngome kwa uimara. (Ngome tena!) Jengo jeupe, wafanyakazi wamevaa meupe, meza ya chuma inayong'aa, na nyama ikisagwa pahala mteja anapoona. Walichouza kwanza ni kuonekana kwa jiko, nyama ikafuata.

Ingram hakuishia hapo. Mwaka 1930 alilipia utafiti katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ambapo mwanafunzi mmoja alikula baga za White Castle na maji tu kwa wiki 13, akatangazwa kuwa mzima. Sisi hatuupi uzito utafiti uliolipiwa na muuzaji, na mtoto wetu hatumlishi hivyo.

Lakini jambo la mwaka 1932 tumelipenda. White Castle iliajiri mwanamke aitwaye Ella Louise Agniel, ikampa jina la kazi, Julia Joyce. Kazi yake ilikuwa kwenda kwenye vikundi vya akina mama na mfuko wa baga, kukaa nao, kisha kuwachukua hadi mkahawani na kuwapitisha jikoni: hili ndilo jiko, hii ndiyo nyama, hapa tunapooshea. Ingram aliona kwamba wanaume wa viwandani walikuwa wakila tayari, lakini baga haitaingia nyumbani mpaka mwenye nyumba aikubali, na mwenye nyumba hakubali mpaka aone. Wanawake wale walipoona ndipo walipoanza kununua baga na kuwapelekea watoto wao. Yaliyofuata mnayajua. Ndugu wawili wa familia ya McDonald walipanga upya mkahawa wao wa San Bernardino mwaka 1948 na kuuza baga kwa senti 15, Ray Kroc akaungana na biashara hiyo na kufungua mkahawa wake mwaka 1955, na dunia ikajaa. Ila mlango wa nyumba walikuwa wameshaufungua akina mama wa 1932.

Tangu tusome hayo, daftari letu lina safu mpya. Mwanzo tulikuwa na nne: nyama, mkate, sosi na bei, kila moja juu ya 10. Sasa ya kwanza kabisa ni jiko, na hiyo tunaitolea alama kabla hatujakaa.

Mkahawa mmoja karibu na kituo cha daladala tuliupa 9 ya jiko ingawa una meza tatu tu na feni moja. Kijana anakaanga mlangoni. Tulipouliza nyama inatoka wapi, alimtaja muuzaji wake, akafungua friji, akatuonesha mnofu mzima ambao hausagwi mpaka oda zianze. Nyama yake 8, imetiwa pilipili manga na kitunguu, basi. Mkate 6, mtamu kidogo kama wa chai. Sosi ya ukwaju 10, na hapa hatukubishana hata mmoja. Shilingi 7,000 na chipsi.

Mwingine, wa vioo na taa za rangi, ulipata mkate 9 na picha nzuri za kuweka kwenye simu. Jiko 2. Mhudumu hakujua nyama inatoka wapi, akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi na neno moja: "Freshi." Baga ilikuja mviringo kamili kama iliyokatwa kwa kikombe, laini bila nyuzi ya nyama, na inateleza. Hatusemi ilikuwa haramu, kwa maana hatujui, na kumzulia mtu ni dhambi nyingine. Tulimaliza chipsi, tukalipa, na hatukurudi.

Wa tatu ni wa mama mmoja anayeuza dirishani kwake baada ya Magharibi. Anachanganya kima na mkate wa boflo uliolowekwa na yai, kama kababu hasa, kisha anaibana bapa. Mdarizi wetu alitaka tuikatae, akasema hiyo si baga. Tukabishana hadi Isha. Mpishi akamwambia kwamba nyama ya Kihamburg nayo mara nyingi hutiwa mkate wa kuloweka, kwa hiyo yule mama yuko karibu na asili kuliko wenye vioo. Tukaipa nyama 9, bila sosi maalumu, ila tungule zilizokatwa nyembamba na pilipili ya kuponda. Kwa bei ya shilingi 4,000 tuliona kama tumemwibia.

Kuna watakaosema tunachimba sana, kwani siku hizi viwanda vina mashine na vyeti. Basi wakumbuke Januari 2013. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilipima aina 27 za baga za ng'ombe zilizokuwa zikiuzwa kwenye maduka makubwa ya kuheshimika. Kumi zilikutwa na chembe za urithi za farasi, na aina 23 kati ya zile 27 zilikutwa na za nguruwe. Katika nyingi zilikuwa alama ndogo tu, lakini baga moja nyama yake ilikuwa farasi kwa asilimia 29. Mwezi uliofuata, Uingereza, chembe za nguruwe zikakutwa katika vyakula vya nyama walivyopewa wafungwa Waislamu kama halali. Kwa hiyo yule bibi aliyekataa jina la "ham" alikosea mlango, lakini mwizi alimhisi kweli. Hatari haiko kwenye jina, iko kwenye mashine ya kusagia na kwenye mkono tusiouona.

Je, basi tukae na shaka kwa kila tonge? Hapana. Katika Sahihi Bukhari imo hadithi ya Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba watu walimwambia Mtume, rehma na amani zimshukie, kuwa wanaletewa nyama na watu waliosilimu karibuni na hawajui kama wametaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kuchinja. Akawaambia walitaje wao na wale. Hakuwatuma kwenda kuwapekua wenzao. Kisiwani kwetu wachinjaji na wauza nyama ni jirani zetu tunaosali nao, na asili ni kuwadhania wema. Ila katika Suratul Baqara aya ya 168 halali imetajwa pamoja na kizuri, na nyama ya halali iliyolala nje ya friji imepoteza hicho cha pili. Kuuliza kwa adabu si kupekua. Muuzaji safi hufurahi akiulizwa, kama sisi tunavyofurahi mteja akigeuza gauni kuangalia mshono.

Na jambo la moto. Mnofu mzima vijidudu huwa juu yake, moto ukiugusa vinakufa. Kima ikisagwa, ya juu inaingia ndani, kwa hiyo kati nako kunahitaji moto. Mwaka 1993 huko Marekani zaidi ya watu 700 waliugua na watoto wanne walifariki kwa baga zisizoiva sawasawa. Kiwango kinachotajwa ni nyuzi 71 katikati ya nyama. Rangi peke yake hudanganya, hivyo anayepikia shughuli anunue kipimajoto cha jikoni. Mpishi wetu anacho, na hatumruhusu kukisahau. Nyekundu ya kati wanayoipenda wageni hotelini tuwaachie wao. Shughuli ina wajawazito, wazee na watoto.

Basi kwa maharusi waliotuuliza. Mpelekeeni bibi habari ya Hamburg, na mpelekeeni na nyama aione. Nunueni mnofu asubuhi ya siku yenyewe, usagwe mbele yenu, na mashine ioshwe kwanza kwa maji ya moto. Kilo moja ya kima inatoa baga ndogo 16 za gramu 60 na zaidi kidogo. Kitunguu kikatwe, kikamuliwe maji, maana kikibaki na maji baga inavunjika. Chumvi itiwe mwisho kabisa, karibu na kukaanga. Mkate uagizwe kwa muokaji siku tatu kabla, mdogo na usio mtamu. Bizari ya kababu nusu ya mliyoizoea inatosha, na sosi ya ukwaju iwekwe bakuli pembeni ili isiloweshe mkate, wala isidondoke kwenye gauni tulilolishona wiki tatu.